Klachi, Macho na Hofu ya Dereva Mpya

Hofu ya dereva mpya huanzia kwenye wingi wa kazi. Katika sekunde chache za kukaribia makutano, anayejifunza hutakiwa kupunguza mwendo, kubadili gia, kutazama vioo, kuwasha indiketa na kumwangalia mwenda kwa miguu anayesitasita ukingoni. Dereva mzoefu hufanya yote hayo huku akizungumza na abiria wake, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi imeshahamia mikononi na miguuni. Kwa mgeni wa usukani kila tendo bado linafikiriwa, na la kwanza halijaisha la tatu limeshafika. Mwili huichukulia hali hiyo kuwa hatari: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, vidole vinaung'ang'ania usukani. Mkono uliokakamaa hauwezi kuugeuza usukani kidogo kidogo, hivyo gari linayumba, na kuyumba huko kunazidisha woga. Kumwambia mtu wa namna hii "jiamini tu" hakumsaidii kitu. Kinachomsaidia ni kupunguziwa idadi ya mambo anayoyafikiria kwa wakati mmoja.

Nafuu ya kwanza hupatikana kwenye macho. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani, Ronald Mourant na Thomas Rockwell, walichapisha utafiti uliorekodi macho ya madereva wapya na wazoefu wakiwa barabarani. Wapya walitazama karibu zaidi na gari lao, na vioo walivitupia jicho mara chache kuliko wazoefu. Anayekodolea lami iliyo mita chache mbele ya boneti huona kila shimo, kila tuta na kila bodaboda ikimjia ghafla. Akiinua macho hadi kule barabara inakoishia, tuta lilelile analiona mapema, anaachia mafuta bila haraka, na gari linanyooka kwa sababu mikono hufuata macho. Hili ni badiliko dogo, tena la bure, lakini walimu wengi wa udereva hulitaja mara moja tu na kupita.

Kwa wanaojifunzia gari la klachi, pagumu kuliko pote ni kuondoka mlimani. Gari limesimama kwenye mwinuko, daladala iko nyuma kwa umbali wa hatua mbili, na mwanafunzi anajua kwamba akikosea atarudi nyuma. Tendo lenyewe, likivunjwa vipande, halitishi. Breki ya mkono imevutwa, klachi imekanyagwa mpaka chini, gia ni ya kwanza. Mafuta yanakanyagwa kidogo hadi injini ibadilishe sauti. Kisha klachi inaachiwa polepole sana, kisigino kikiwa kimeegemea sakafu. Mahali fulani sauti ya injini inazama, mtetemo unapanda hadi kwenye kiti, na boneti inajiinua kidogo. Hapo klachi imeshika, na hapo mguu unatulia. Breki ya mkono ikishushwa sasa, gari halirudi nyuma. Mafuta yakiongezwa kidogo, linaondoka.

Kosa la kawaida ni kuunyanyua mguu wote mara tu gari linapoanza kusogea, na injini inazimika. Dawa yake haipatikani mlimani. Hupatikana kwenye uwanja tambarare, bila kugusa mafuta kabisa, mwanafunzi akitafuta mahali klachi inaposhika mara ishirini au thelathini hadi mguu upajue bila kuulizwa. Ndipo anapelekwa kwenye mwinuko mdogo usio na gari nyuma, na baadaye kwenye mlima wenye foleni. Asizoee tu kulishikilia gari hapo kwa klachi muda mrefu, maana klachi huungua na harufu yake husikika. Kwenye gari la otomatiki hofu hii hupungua sana, ila nyingine zote hubaki.

Mpangilio huo wa kutoka kidogo kwenda kikubwa una historia nje ya barabara. Mwaka 1924 Mary Cover Jones aliandika kuhusu mtoto aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura. Sungura alisogezwa karibu hatua kwa hatua mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, hadi akaweza kumshika. Mwaka 1958 daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, alichapisha njia ya kuzipanga hofu za mtu kuanzia ndogo hadi kubwa na kuzikabili kwa zamu, mwili ukiwa umetulizwa.

Kwa dereva wa Dar es Salaam ngazi za mpangilio huo zinaweza kuwa kiwanja kitupu, mtaa wa nyumbani Jumapili asubuhi, njia moja ileile ya kwenda na kurudi inayorudiwa hadi ichoshe, kisha barabara ya daladala, kipilefti saa ambayo hakuna msongamano, na mwisho foleni ya jioni, usiku na mvua. Jambo linalopuuzwa zaidi ni wakati wa kushuka ngazi. Anayekimbilia nyumbani hofu ikiwa imepanda kileleni huufundisha mwili kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho yake hofu inakuwa kubwa zaidi. Anayesimama pembeni mahali salama, akapumua taratibu hadi moyo utulie, kisha akaendelea hata mita mia mbili, hujifunza kinyume chake. Ngazi ikiwa kubwa mno, arudi moja nyuma, asirudi hadi kiwanjani.

Honi za nyuma zinastahili maandalizi yake. Injini ikizimika kwenye taa, asiye na utaratibu huwasha gari likiwa kwenye gia, linaruka, linazimika tena. Mwenye utaratibu hukanyaga breki na klachi, huwasha taa za hatari, huweka gia huru, huwasha injini, kisha huanza upya kama aliyefika sasa hivi. Mfuatano huu uzoeshwe kiwanjani kwa kulizima gari makusudi. Anayeketi pembeni pia achaguliwe: ndugu anayeshika dashibodi na kuguna kila bodaboda inapopita humwongezea dereva kazi ya kumsikiliza.

Wingi wa mazoezi nao una uzito wake. Kuanzia mwaka 1993 Sweden iliruhusu vijana kuanza mazoezi wakiwa na miaka 16 badala ya 17 na nusu, huku leseni ikibaki ya miaka 18. Waliotumia nafasi hiyo walifanya mazoezi kwa wastani wa saa 118 hivi, zaidi ya maradufu ya wenzao, na walipopata leseni walipata ajali chache zaidi.

Kujiamini, hata hivyo, kunaweza kuutangulia ujuzi. Mwaka 1996 mtafiti wa Sweden, Nils Petter Gregersen, alilinganisha makundi mawili ya wanafunzi kwenye barabara yenye utelezi. Moja lilifundishwa ufundi wa kulimudu gari, lingine likaonyeshwa kwamba uwezo wao una mipaka. Kundi la ufundi lilijikadiria juu zaidi, lakini uwezo halisi ulipopimwa haukutofautiana. Kwa sababu hiyo hofu hupunguzwa hadi kiasi cha hatari iliyopo, haifutwi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili za nafasi nyuma ya gari la mbele ni mita 28. Dereva aliyekwisha kutulia huihesabu nafasi hiyo kwa nguzo ya pembeni, na daladala ikichomekea mbele yake, hupunguza mwendo na kuanza kuhesabu upya.