Hongera kwa Wabishi wa Injini za Safari

Mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic yanapokaribia, wapenzi wa magari nchini Kenya huanza ubishi mtamu: injini ipi ni bora, ya Datsun 240Z au ya Porsche 911?

Wa Datsun wana hoja nzito. Injini yake ya lita 2.4 ina silinda sita zilizojipanga mstari mmoja ndani ya bloku ya chuma, na fundi huifikia kwa urahisi. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1971, kisha 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta.

Wa Porsche hawanyamazi. Silinda zake sita zimelala, tatu kila upande, nazo hupozwa kwa hewa. Hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe! Ni kweli 911 haikuwahi kushinda Safari Rally. Mwaka 1978 Vic Preston Jr. alimaliza wa pili. Lakini mwaka 2011 Björn Waldegård alitwaa Safari Classic akiwa nayo.

Wabishi hawa wanastahili pongezi, kwani ujuzi wao ndio unaoziwezesha injini hizo kunguruma hadi leo. Kijana anayejifunza umakanika na asogee karibu nao, asikilize, aulize maswali.