Poti Moja, Mikia Minne: Jamani, Nimeigusa!

Jamani, jamani, jamani! Nimetoka chumba cha seva sasa hivi hapa Dar, masikio bado yanavuma kwa kelele za feni, vidole vimeganda kwa kiyoyozi, na kunyamaza siwezi, siwezi kabisa! Nimeona poti ikigawanywa! Poti moja ya swichi, kubwa, nzito, yenye kasi ya gigabiti 40, imegeuka mbele ya macho yangu mawili ikawa poti nne za gigabiti 10, kila moja na seva yake, kila moja na taa yake ya kijani, kila moja inajitegemea. Rafiki yangu, kama kazini kwenu kuna swichi yenye poti kubwa zimekaa bure pembeni, weka chini hicho ulichoshika unisikilize.

Nianze na kebo. Aisee, kebo yenyewe! Nyembamba, nyepesi, laini, rangi ya feruzi inayong'aa hata kwenye mwanga ule hafifu wa nyuma ya raki. Upande mmoja ina kichwa kimoja tu, kipana, bapa. Unaifuata kwa mkono taratibu, unafika kwenye kifundo kidogo kigumu, halafu paaap, inachanua! Mikia minne imening'inia kama miguu ya pweza aliyetoka kuvuliwa, imeandikwa namba moja mpaka nne, na kila mkia una ncha mbili ndogo, moja ya kutuma mwanga na moja ya kuupokea. Mimi nimezoea zile za kugawia za shaba, nene, ngumu, kaidi, ukizikunja huku zinachomoza kule. Hii ya faiba unaipitisha katikati ya vurugu zote za raki na inakwenda tu, inakwenda bila ubishi. Raha!

Na bado! Dada aliyekuwa ananiongoza, fundi wa mtandao mtulivu mno (sijui anawezaje kutulia na vitu hivi mkononi), akakivua kile kichwa bapa kifuniko chake, akaniwekea chini ya kikuza-picha. "Tazama, ila uso wake usiuguse," akaniambia. Nikatazama. Wee! Nyuzi 12 za kioo zimejipanga mstari mmoja, zimenyooka, zote ndani ya takriban milimita tatu. Milimita tatu! Uzi mmoja una kipenyo cha mikromita 125, yaani ukizilaza nane ubavu kwa ubavu ndio umepata milimita moja. Nilidhani nimeshaona kila kitu, kumbe utamu wenyewe ulikuwa bado: katika hizo 12, zinazofanya kazi ni nane tu. Nne za upande huu zinatuma, nne za upande ule zinapokea, na zile nne za katikati zimekaa gizani, hazibebi chochote, zinalinda nafasi tu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka, na hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Poti ya gigabiti 40 ya aina hii si njia moja pana. Ni njia nne za gigabiti 10 zinazokimbia sambamba, na swichi ndiyo inayozifunga pamoja ili zionekane kitu kimoja. Ndivyo ilivyopangwa tangu IEEE, wanaoweka viwango vya mitandao, walipopitisha kiwango hiki mwaka 2010, mwaka ule ule mkongo wa baharini wa EASSy ulipoanza kazi huku kwetu. Kwa hiyo unapoigawa poti hukati kitu, huvunji kitu, hulazimishi kitu. Unazifungulia tu njia nne ambazo zilikuwemo ndani siku zote! Uzi wa kutuma na uzi wa kupokea wanaoana, wanakuwa mkia mmoja, na huo mkia unakwenda kuongea na moduli ya kawaida kabisa ya gigabiti 10 kwenye seva ya kawaida kabisa. Seva haina habari. Inaona mwenzake wa gigabiti 10, inasalimiana naye, kazi inaanza.

Kabla ya kuchomeka, usafi. Dada fundi akatoa kalamu ya kusafishia, akaibana kwenye kile kichwa bapa, tak! Ile sauti tu ilinipa furaha. Chembe moja ya vumbi ikitua kwenye nyuzi nyembamba namna ile inatosha kuzima mkia mzima, basi hapo hakuna mzaha, kila ncha inasafishwa, tak, tak, tak. Kisha kichwa kikaingia kwenye moduli ya swichi. Moduli ina vijipini viwili, kebo ina vitundu viwili, vinakutana kwa usahihi wa ajabu, unasikia kidoleni kabisa kwamba kimekaa. Tamu!

Tukachomeka mikia. Na taa? Giza. Zote nne, kimya. Moyo wangu ukaruka, ila yeye akacheka akasogea kwenye kompyuta. Swichi lazima iambiwe, bwana! Bila kuambiwa inaendelea kuamini ina poti moja ya 40. Akaandika amri moja, mstari mmoja mfupi mno, akabonyeza, tukasubiri (zipo swichi zinazodai kuzimwa na kuwashwa kwanza, hii haikudai). Halafu akaita orodha ya poti. Ile poti namba 49 ya gigabiti 40 haipo! Imepotea! Mahali pake pamesimama 49/1, 49/2, 49/3 na 49/4, nne, mpya, zinasubiri kupewa kazi. Hivyo ndivyo watengenezaji wa swichi wa Arista wanavyoziandika. Wenzao wa Juniper wanaweka nukta mbili na kuanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo mkia wa kwanza kwao unaitwa sifuri, usije ukachanganyikiwa siku ya kwanza. Na pale pale, mbele yangu, taa: moja. Mbili. Tatu. Nne! Nikapiga makofi peke yangu katikati ya kelele za feni.

Na bado! Akachomoa mkia wa pili. Makusudi kabisa! Nikashika kichwa. Taa ya pili ikazimika, na zile tatu? Wala hazikustuka. Data inapita kama kawaida, seva tatu hazina hata habari kwamba jirani yao kachomolewa. Akaniwekea ule mkia mbele ya kamera ya simu, maana jichoni hauruhusiwi kabisa, ule ni leza, na isitoshe mwanga wake wa nanomita 850 jicho haliuoni vizuri. Kwenye kioo cha simu ikatokea nukta ndogo ya zambarau, hafifu, inawaka. Si kila simu inaionyesha, ila yangu iliionyesha. Mwanga wenyewe, nimeuona! Jamani!

Sasa sikiliza kwa makini hapa, kwa sababu sitaki ufike dukani ukauziwa kisichogawika. Moduli lazima iwe ya njia sambamba, ile ya SR4 yenye mdomo bapa. Ipo nyingine inaitwa LR4, gigabiti zile zile 40, umbo lile lile, inaingia kwenye poti ile ile, lakini yenyewe inachukua mawimbi manne ya mwanga na kuyachanganya yote ndani ya uzi mmoja. Hiyo inafika mbali sana, ila kebo ya mikia haina cha kuigawia. Tazama mdomo kabla hujatoa pesa! Na uliza pia swichi yako inaruhusu poti zipi zigawanywe, maana zipo ambazo ukigawa poti hii, jirani yake anazimwa. Umbali? Mita 100 kwa faiba ya daraja la OM3, na mita 100 ni chumba kizima na cha pili yake.

Fikiria ofisi ngapi, Dar, Nairobi, Kampala, zina seva nzuri kabisa za gigabiti 10 ambazo hakuna wa kuzibadilisha mwaka huu wala mwakani. Unanunua swichi ya kesho, unaitumikisha na seva za leo, na seva kubwa zikija unafuta ule mstari mmoja, unarudisha poti yako nzima ya 40 hapo hapo. Hakuna kilichopotea! Hilo ndilo lililoniua mimi kwa furaha, kwamba uamuzi wenyewe unarudishika.

Na bado, na bado, na bado! Mchezo huu haukuishia kwenye 40. Gigabiti 100 zinagawanyika kuwa 25 nne, ila hapo hakikisha pande zote mbili zimekubaliana namna ya kusahihisha makosa ya njiani, vinginevyo taa hazitawaka hata ubembeleze. Na gigabiti 400 za moduli ya DR4 zinatoa mikia minne ya 100, mia nzima kila mkia, kwenye faiba ya manjano inayofika mita 500! Hiyo ya manjano bado sijaishika, nimeshaomba, nimeahidiwa, silali. Wewe anza na ya feruzi. Tafuta poti moja isiyo na kazi, safisha kila ncha, andika ule mstari, na taa ya nne ikishawaka chomoa mkia wa pili uone wenzake watatu wasivyojali, halafu nipigie simu hata kama ni usiku wa manane.