"Ushiriki" na "Ushirikishwaji" katika Istilahi za Maendeleo

Katika maandishi yanayofasiriwa siku hizi kuhusu taaluma za maendeleo, ni nadra kupata neno linalotumika kwa wingi na kwa uangalifu mdogo kama ushirikishwaji. Limo katika taarifa za miradi, katika miongozo ya halmashauri, na katika muhtasari wa habari zitokazo vyuo vikuu vya ng'ambo. Habari mojawapo ya namna hiyo ni ile ya mwaka 2025, kwamba orodha ya QS imekiweka tena Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, mahali pa kwanza duniani katika taaluma hizo. Sifa hiyo kwa sehemu kubwa ni ya Taasisi ya Taaluma za Maendeleo iliyoanzishwa huko mwaka 1966. (Wengine hupenda kusema "masomo ya maendeleo". Hatutaligombania jambo hilo, ila "masomo" yamezoeleka mno kwa mambo ya darasani.) Cheo cha chuo hakituhusu hapa. Kinachotuhusu ni kwamba fikra mojawapo iliyoipatia taasisi hiyo jina kubwa imetufikia katika Kiswahili kichwa chini, miguu juu.

Fikra yenyewe inahusishwa zaidi na Robert Chambers, ambaye kabla ya kujiunga na taasisi hiyo alipata kuwa mtumishi wa utawala nchini Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya maendeleo vijijini aliulaumu mtindo wa wataalamu aliouita utalii. Mtaalamu hufika wakati wa kiangazi, barabara zikiwa zinapitika. Huviona vijiji vilivyo kando ya lami. Huzungumza na wanaume, na viongozi, na wenye nafasi. Kisha hurudi mjini kabla ya jua kuchwa, akidhani ameujua umaskini. Dawa iliyopendekezwa baadaye ni kwamba mwanakijiji mwenyewe achore ramani ya kijiji chake ardhini, apange kwa mbegu na vijiwe miezi ya mavuno na miezi ya njaa, apambanue, aamue. Na mgeni anyamaze, asikilize. Moja ya majaribio ya mwanzo ya njia za jamii hii lilifanyika jirani kabisa, huko Mbusyani katika wilaya ya Machakos, mwaka 1988, ambako kazi ilimalizikia katika mpango wa kijiji wa kutunza maliasili zake.

Sasa tulitazame neno. Shiriki ni kitenzi ambacho mtenda wake ni yule yule ahusikaye: mtu hushiriki ngoma, hushiriki mazishi, wala haulizwi ni nani aliyemruhusu. Tukikitia katika kauli ya kutendesha tunapata shirikisha, na hapo ameingia mtu wa pili, mwenye uwezo wa kumwingiza au kumwacha nje yule wa kwanza. Tukiongeza kauli ya kutendwa tunapata shirikishwa, na yule wa pili anatoweka machoni ingawa bado ndiye afanyaye kazi. Ushirikishwaji ni jina la hali hiyo ya mwisho. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa kula, lisha na lishwa: mtoto anayekula ana mkono katika sahani, mtoto anayelishwa ana mdomo tu.

Basi tuichukue sentensi ambayo kila mtumishi wa serikali amepata kuiandika au kuisoma: "Wananchi walishirikishwa katika kupanga mradi wa maji." Yamkini walichagua wenyewe mahali pa kuchimba kisima. Yamkini pia waliitwa chini ya mwembe, wakasomewa mpango uliokwisha kupitishwa, wakatia sahihi karatasi ya mahudhurio. Sentensi yaruhusu yote mawili. Kisha mfasiri huipeleka katika Kiingereza, na huko hutokea kitenzi cha kutenda: wananchi sasa wanasomeka kana kwamba waliingia wenyewe na kutenda wenyewe. Mfadhili hutosheka. Kisima kikikauka, au kikichimbwa penye shamba la mjane asiyeitwa mkutanoni, karatasi inashuhudia kwamba kijiji kizima kilikuwamo.

Je, neno hili lipigwe marufuku? La hasha. Mara nyingi ndilo neno la kweli, na kulifuta kungekuwa kuficha ukweli. Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inavitaja vitenzi vyote viwili: vyombo vya serikali za mitaa vina mamlaka ya kushiriki, na ya kuwashirikisha wananchi. Hapo aliyepewa wajibu anajulikana. Nchini Kenya nako, tangu Katiba ya mwaka 2010, husikika sana ushirikishaji wa umma, umbo ambalo walau halimfichi mtendaji. Kosa ni kuliandika neno la kushirikishwa pale ambapo maandishi ya asili yanadai kwamba watu walitenda, au kulifasiri kwa neno la kutenda pale ambapo waliitwa tu. Mwaka 1969 mwandishi wa Marekani, Sherry Arnstein, alilazimika kuchora ngazi yenye vidato vinane ili kutenganisha mambo ambayo Kiingereza kiliyaita kwa jina moja. Sisi tunazo kuarifiwa, kuulizwa rai, kushirikishwa, kushiriki, kuamua, hata kushika hatamu, na kila mkulima anajua zinavyopishana. Naye Mwalimu Nyerere, katika Uhuru na Maendeleo ya mwaka 1968, aliijenga hoja yake yote juu ya tofauti kama hiyo hiyo ya viambishi, kati ya kuendelezwa na kujiendeleza. Ni ajabu kwamba wafasiri wa nchi hii wameisahau wanapofasiri vitabu vya Sussex.

Neno jingine la kuangaliwa ni kijiti. Chambers na wenzake husema kwamba mtaalamu akabidhi kijiti, wakiwa na maana ya kile anachochorea ramani. Kwetu, kijiti kinachokabidhiwa ni cha mbio za kupokezana, ambamo aliyekwisha kukitoa hukaa pembeni na kupumzika. Ukiandika fimbo, msomaji atamwona mchungaji au mwalimu mkali. Afadhali kusema wazi: mtaalamu amwachie mwanakijiji achore.

Shirikishi, katika Tathmini Shirikishi Vijijini, tunaikubali, maana kinachoshirikisha hapo ni njia, nayo njia haina cheo. Walimu wa sarufi wamelalamika kwamba neno hilo ni lao tangu zamani, katika kitenzi kishirikishi. Hatujamwona bado mwanafunzi aliyechanganya "ni" na "si" na mkutano wa kijiji.