Jahazi la Ndala na Dumu la Karagwe

Mwaka 2018, huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi lililoundwa kwa takataka za plastiki, ubavu wake ukapambwa kwa ndala kuukuu zilizookotwa. Jina lake Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja; mwaka 2021 likazunguka Ziwa Viktoria, jirani yetu wa Kagera. Nimeliona pichani tu. Kama kazi ya sanaa nalisifu: rangi zake zinamlazimisha mtazamaji akiri kwamba alichokitupa bado kipo.

Hata hivyo nina neno. Miaka mingi chuoni niliwafundisha wanachuo kutengeneza zana za kufundishia kwa chupa tupu za plastiki na vifuniko vyake: vihesabio, mizani, saa. Niliwapa alama nzuri. Muhula ulipokwisha, zana hizo zilichomwa moto nyuma ya darasa, nami nikautazama ule moshi nikanyamaza. Sikuwa nimeziondoa taka. Nilikuwa nimezichelewesha tu.

Hapa Karagwe na Kyerwa dumu moja hufanya kazi nyingi: leo mafuta, kesho maji, keshokutwa rubisi. Likipasuka hutupwa migombani, na humo hubaki. Kibuyu cha wazee wetu kilipopasuka kiligeuka udongo. Ndiyo maana naona serikali ilishika mzizi ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019.

Msomaji, jahazi lile ni zuri. Lakini fundi hodari asitusahaulishe kuuliza: baada ya kutumika tena, kitu hiki kitakwenda wapi?