Heko kwa Wapiga Picha wa Sarafu

Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, Wajerumani walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 mjini Tabora: upande mmoja tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Wengi wetu tutaiona pichani tu, kwa hiyo heko kwao wanaoipiga picha.

Dhahabu inayong'aa ni kama kioo cha kujitazamia. Imulike kwa flashi, tembo anapotelea kwenye weupe. Iache bila mpango, itakurudishia weusi wa kamera yako. Mafundi hawa hutega kipande cha kioo cha dirisha, kimeinama nyuzi 45, kati ya lenzi na sarafu, taa wakaiweka ubavuni. Kioo huangusha mwanga wima juu ya sarafu, nao hurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Sehemu bapa zinang'aa, kingo za mchongo zinaingia giza, na tembo anachomoza. Hata herufi T, alama ya Tabora, inasomeka. Taa ikisogea kidogo tu (na husogea!), kazi inaanza upya.

Makumbusho yetu yenye sarafu za kale yawatafute watu hawa, yawalipe vizuri.