America kabla ya Jangwa

Kundi la America lilizaliwa London. Dewey Bunnell, Gerry Beckley na Dan Peek walikuwa wana wa wanajeshi wa anga wa Marekani waliopangiwa kazi Uingereza, nao walijipa jina la nchi ili wasidhaniwe kuwa Waingereza wanaoiga Umarekani. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1971, haikuwa na “A Horse with No Name”. Wimbo huo ulipovuma mwaka 1972 ndipo ulipochomekwa upande wa kwanza, na toleo hilo ndilo wengi tunalolijua.

Kwangu mimi, toleo la awali ndilo lililokamilika. “Riverside” inatangulia kwa magitaa makavu na sauti zilizosukwa kama ukili. “I Need You” ya Beckley ni ya mtu aliyejifungia chumbani. Hakuna mandhari ya kuonyesha. Jangwa la Bunnell nalo lilitungwa Uingereza, kwa kumbukumbu za utotoni, ila linatamka waziwazi hamu ya kwao ambayo nyimbo nyingine zinaisitiri. Na sisi tuliolelewa mbali na pwani twajua namna hamu hiyo inavyositirika. Tazama jalada: vijana watatu wameketi sakafuni, na nyuma yao, kama pazia, picha kubwa ya wenyeji asilia wa Marekani.