Mkono wa Mama Lishe

Mvua za masika zikishakolea, kati ya Machi na Mei, mboga za majani hazitafutwi Dar es Salaam. Zinakufuata zenyewe hadi mlangoni. Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, na mlenda unaojiotea bila kupandwa. Mafungu yananenepa, bei inalegea. Huo ndio wakati ninaopenda kusimama pembeni ya soko la Ilala asubuhi nimtazame mama lishe akinunua. Mboga zikiwa adimu kila mtu huchukua alichopata. Zikijaa ndipo mjuzi anapoonekana.

Kwanza, hafiki na jina la mboga mdomoni. Wengi wetu hutoka nyumbani tumeshaamua kuwa leo ni mchicha, na mchicha tutanunua hata kama umechoka. Yeye huzunguka kwanza, hanunui kitu, anasalimia tu. Akimaliza mzunguko ndipo anajua wateja wake watakula nini mchana.

Mtazame akishika fungu la majani ya maboga. Yale ya juu hana haja nayo; hayo yamepangwa yaonekane. Analigeuza na kukagua palipokatwa. Mkato wa leo una majimaji na ukijani, wa jana umesinyaa na kuingia kahawia. Kisha anavuta uzi mmoja kwenye kikonyo. Ukichunika wote mpaka kwenye jani, na kikonyo kikakatika kwa mlio, analiweka upande wake. Muuzaji amekwisha kunyunyizia maji, kama ilivyo desturi, lakini maji huling'arisha jani upesi kuliko yanavyoweza kukisimamisha kikonyo kilicholala.

Kwenye mchicha ananusa. Anapenyeza vidole katikati ya fungu, anapanua, anainamisha pua. Mboga iliyofungwa ikiwa na maji ya mvua, ikabanwa kwenye gunia usiku kucha, hupata joto na kuanza kuvundia ndani huku nje ikiwa nzuri kabisa. Tope halimtishi. Masika mvua hurusha udongo juu ya majani, na mchicha uliong'olewa na mizizi yake hukaa vizuri kuliko uliokatwa. Vitundu viwili vitatu vya wadudu navyo anavisamehe. Asichosamehe ni mchicha uliotoa maua: shina limeshakuwa kuni.

Nyanya anazipita haraka. Mvua nyingi huleta ukungu shambani, kwa hiyo msimu huu anachukua chache, ngumu, zisizo na baka jeusi. Nyanya chungu anaangalia ngozi tu. Ikianza kugeuka njano, mbegu zimekomaa na uchungu umezidi.

Halafu bamia, na hapa ndipo kelele huanza. Anachukua moja, anaipinda ncha kwa kidole gumba.

"Mama, utanimalizia bamia zangu!"

"Moja tu, mwanangu. Nyingine nitazijua kwa macho."

Na kweli anazijua. Bamia hufaa kuchumwa siku chache tu baada ya ua kuanguka. Ikichelewa inajaa nyuzi, na ncha yake hupinda bila kukatika. Ile moja ikishamwambia hali ya mzigo wote, mkono unakwenda kwenye zile fupi, changa, zenye vinyweleo bado, unaziruka ndefu ambazo mimi ningezikimbilia kwa sababu zinajaza sufuria. Hapimi, hahesabu, wala hasiti. Sijamwona akirudisha alichokwisha kuchukua.

Msomaji, masika haya nenda sokoni bila orodha, zunguka kwanza, nusa kabla hujalipa. Bamia vunja moja tu, na hiyo uliyoivunja itie kwenye kikapu chako, kama anavyofanya yeye.